Kahawa ya Kilimanjaro na Jeni Zinazorithiwa kwa Fungu

Leo nataka tuutazame kwa makini ubishi unaoendelea vihambani, yaani kwenye mashamba ya familia za Kichagga, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho mpaka Kilema na Marangu. Ubishi wenyewe ni wa kahawa. Upande mmoja wako wakulima, hasa wazee, wanaoshikilia kwamba mibuni ya zamani ndiyo yenye kahawa ya kweli, na kwamba miche chotara inayotoka kwenye utafiti, ijapokuwa haishikwi na ugonjwa wa chulebuni, imepoteza kitu kikombeni. Upande wa pili wako wanaojibu kwamba hayo ni mazoea ya ulimi tu: ugonjwa umedhibitiwa, mavuno yamepanda, basi iliyobaki ni kung'oa miti ya zamani na kusahau. Mimi nasema pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zote zinaichukulia sifa ya mmea kana kwamba hurithiwa peke yake, kinga yake na ladha yake kila moja ikishika njia yake. Elimu ya urithi inatuonyesha vingine. Jeni hupita kutoka mzazi hadi mtoto zikiwa zimeshikamana na jeni zilizo jirani, na anayeichukua moja huchukua na majirani zake, awe anawataka au hawataki. Ukilielewa jambo hili, utaona kwa nini mzee wa Kibosho hakosei kushuku, na pia kwa nini shaka yake haitoshi kuzihukumu aina mpya zote.

Tuanze na mibuni yenyewe. Kahawa aina ya arabika iliingia mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1898, pale Kilema. Mbegu zilikuwa za ukoo wa Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Kutoka hapo zao likaenea vihambani chini ya kivuli cha migomba, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, yaani KNCU. Mwaka uliofuata, 1934, kituo cha utafiti wa kahawa kilifunguliwa Lyamungu, mahali ambapo leo pana makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Hapo Lyamungu watafiti walichagua mti mmoja mmoja uliozaa vizuri na kunyweka vizuri, na katika uchaguzi huo ndimo zilimotoka N39, ya ukoo wa Bourbon, na KP423, ya ukoo wa Kent uliotokea India. Kwa miongo mingi hizo mbili ndizo zilizokuwa kahawa ya Kilimanjaro. Jina zuri la kahawa yetu sokoni lilijengwa juu yake.

Lakini uzuri huo ulikuwa na upungufu usioonekana kwa macho. Ua la arabika hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo watoto hufanana sana na mama. Tena, mibuni yote iliyosambaa duniani kutoka Yemen na Réunion ilitokana na mbegu chache mno. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Kifaransa waliipima hali hiyo kwa njia ambayo ni msingi wa mazungumzo yetu ya leo, yaani kwa kutazama vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoendesha kazi fulani ndani ya chembe hai: kimoja hujenga wanga, kingine hupasua sukari, kingine hutengeneza rangi ya ua. Kila kimeng'enya huundwa kwa maelekezo ya jeni yake. Jeni ikitofautiana kidogo, kimeng'enya nacho huweza kutofautiana kidogo katika chaji yake ya umeme. Ukisaga jani, ukauweka utomvu wake kwenye utandu wa wanga uliogandishwa na kupitisha umeme, vimeng'enya husogea kwa mwendo tofauti, kisha ukimwagia rangi maalumu huonekana kama mistari. Mti uliorithi namna mbili za jeni moja, moja kwa baba na moja kwa mama, mara nyingi huonyesha zote mbili waziwazi, hakuna inayoificha nyingine. Spishi nyingi za kahawa ya mwituni zilionyesha mistari ya kila namna. Arabika ya mashambani ilionyesha mistari ileile karibu kila mti. Hiyo ndiyo maana halisi ya kusema zao lina msingi mwembamba wa urithi: adui akipata njia ya kuushinda mti mmoja, ameipata njia ya kuishinda karibu yote.

Pengine msikilizaji atauliza vimeng'enya vinahusianaje na sifa anazozijua mkulima. Vinahusiana moja kwa moja. Njegere zenye mikunjo ambazo Gregor Mendel alizitumia katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1866 zilibaki fumbo kwa zaidi ya karne nzima, mpaka mwaka 1990 ilipogunduliwa nchini Uingereza kwamba mikunjo hiyo hutokana na kuharibika kwa jeni ya kimeng'enya kimoja kinachojenga matawi ya wanga. Kimeng'enya kikikosekana, sukari hubaki nyingi, maji huingia mengi mbegu ikiwa changa, na ikikauka hunywea. Katika kahawa hadithi ni hiyohiyo. Kafeini hujengwa hatua kwa hatua na vimeng'enya vya familia moja, kila kimoja kikiongeza kipande kidogo juu ya kazi ya mwenzake. Mwaka 2004 watafiti wa Brazil walitangaza kwamba wamepata mibuni michache ya arabika yenye asili ya Ethiopia isiyokuwa karibu na kafeini yoyote, na sababu ilionekana kuwa kimeng'enya cha hatua ya mwisho kutofanya kazi. Jenomu ya robusta, yaani jumla ya urithi wa aina hiyo nyingine ya kahawa, iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2014, ilionekana kwamba jeni za vimeng'enya hivyo ziliongezeka kwa kujirudufu kando kwa kando kwenye kromosomu, yaani uzi unaobeba jeni, tena bila uhusiano na zile zinazotengeneza kafeini ya chai na ya kakao. Kwa hiyo tunaposema ladha, uchungu, utamu na harufu, tunasema kazi ya vimeng'enya vingi, na nyuma ya kila kimoja ipo jeni yenye mahali pake maalumu.

Hapo kwenye mahali ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mtoto wa Kichagga anaporithi kihamba, harithi mgomba mmoja uliompendeza. Hurithi eneo lote lililo ndani ya mpaka wa mimea ya masale, migomba, mibuni, miti ya kivuli na hata magugu. Jeni nazo hurithiwa kwa eneo. Zimepangwa kwenye kromosomu kwa mfululizo, na kromosomu hupita kwa mtoto kwa vipande virefu. Wa kwanza kuliona hili walikuwa William Bateson, Edith Saunders na Reginald Punnett huko Cambridge mwaka 1905, walipochunguza ua la njegere tamu za bustanini. Walitegemea rangi ya ua na umbo la chavua virithiwe kila kimoja kivyake, kama hesabu ya Mendel ilivyosema. Badala yake, rangi ya zambarau ilikuja na chavua ndefu, na rangi nyekundu ikaja na chavua ya mviringo, mara nyingi mno kuliko bahati ingeweza kueleza. Maelezo sahihi yalikuja baadaye kutoka kwa Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake huko New York, waliofanya kazi na inzi wa matunda. Wakati mmea au mnyama anapotengeneza mbegu zake za uzazi, kromosomu mbili za jozi hukatika na kubadilishana vipande. Jeni zilizo mbali hutenganishwa mara kwa mara. Zilizo karibu hutenganishwa kwa nadra. Mwaka 1913 Alfred Sturtevant, akiwa bado mwanafunzi, alitumia kiwango cha kutengana huko kupima umbali na kuchora ramani ya kwanza ya jeni.

Mfano unaonipendeza zaidi kuhusu jeni za vimeng'enya ni wa nyanya, na nyanya si zao geni kwa wakulima wa tambarare za Moshi. Katika miaka ya 1940 jeni ya kinga dhidi ya minyoo midogo ya udongo inayovimbisha mizizi ilichukuliwa kutoka nyanya ya mwituni ya Peru na kuingizwa kwenye nyanya ya shambani. Jeni hiyo inaitwa Mi. Kuutambua mche wenye Mi kulikuwa kazi ya kuchosha, kwa sababu ilibidi kuupanda kwenye udongo wenye minyoo, kungoja, kisha kuung'oa na kutazama mizizi. Mwaka 1974 Charles Rick na mwenzake huko California wakatangaza kwamba karibu kabisa na Mi ipo jeni ya kimeng'enya kiitwacho asidi fosfatesi, na kwamba nyanya zilizorithi Mi kutoka kwa yule mzazi wa mwituni zilirithi pia namna yake ya kimeng'enya hicho. Tangu hapo mtafiti aliweza kuchukua kipande kidogo cha jani la mche mchanga, akapitisha umeme, akatazama mstari, akajua kama kinga ipo, bila mnyoo hata mmoja. Kimeng'enya chenyewe hakina lolote la kufanya na minyoo. Ni jirani tu. Lakini ujirani wake ulikuwa wa uhakika kiasi cha kutumika kama ushahidi.

Zao hilohilo likatoa pia onyo. Mwaka 1989 Nevin Young na Steven Tanksley wa Marekani walizichunguza aina za nyanya zilizopewa jeni nyingine ya kinga, iitwayo Tm-2, inayozuia virusi, nayo ikitoka kwa nyanya ya mwituni. Aina hizo zilikuwa zimerudishiwa, yaani kuzaanishwa tena na mzazi wa shambani, kizazi baada ya kizazi ili kuondoa umwitu wote isipokuwa kinga. Hesabu ya kawaida ni nyepesi: kizazi cha kwanza kina nusu ya urithi wa mwituni, ukikirudishia kinabaki na robo, kisha sehemu ya nane, kisha ya kumi na sita. Baada ya kurudishia mara kumi na moja isingepasa kubaki chochote cha maana. Lakini aina moja iliyopita hatua hizo zote kumi na moja ilikutwa bado imebeba mkono mfupi wote wa kromosomu yenye Tm-2. Hesabu ya nusu kwa nusu ni ya kweli kwa jenomu kwa ujumla. Pale karibu na jeni uliyoing'ang'ania haifanyi kazi hivyo, kwa sababu kila unapoichagua hiyo jeni unawachagua majirani zake nao. Watafiti waliozizalisha aina hizo hawakuwa wazembe. Hawakuwa tu na macho ya kuona kilichoshikamana na walichokitaka.

Sasa turudi mlimani tukiwa na ushahidi huo mkononi. Chulebuni ni ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda mabichi ya kahawa yakiwa bado mtini, na hupenda hasa miinuko yenye baridi na mvua, yaani palepale ambapo kahawa bora hupandwa. Uliripotiwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 ukawa umeingia Tanzania. Mpaka leo ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Mwaka mbaya, shamba lisilopigwa dawa huweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. N39 na KP423 hazikuwa na kinga ya kutosha. Mkulima akabaki na mrututu na dawa nyingine za kuvu, mzunguko baada ya mzunguko, gharama juu ya gharama, na bei ya kahawa ilipoanguka wengi wakaacha kupiga, wengine wakang'oa mibuni wakapanda mahindi na mboga. Kwa hiyo anayesema aina za zamani zilitosha anasahau kwamba zilitosha kwa sababu mtu alilipia dawa.

Kinga ilitafutwa kwingine, na moja ya vyanzo vyake vikubwa ilikuwa mti uliogunduliwa katika kisiwa cha Timor miaka ya 1920. Arabika ina kromosomu 44, robusta ina 22, na kwa kawaida ndoa yao huzaa mtoto mgumba. Lakini Timor, bila mkono wa mwanadamu, mbuni wa arabika ulipokea chavua ya robusta na ukazaliwa mti wenye kromosomu 44 unaoweza kuzaana na arabika nyingine. Mti huo ulibeba kinga za robusta dhidi ya kutu ya majani, na baadaye ikaonekana kwamba umebeba pia kinga dhidi ya chulebuni. Uzao wake ulisambazwa katika vituo vya utafiti sehemu nyingi za dunia. Kenya iliutumia katika aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Kwetu, TaCRI ilianza kutoa aina zake chotara mwaka 2005, zikiwa zimejengwa kwa kuzaanisha N39 na KP423 na wazazi wenye kinga, mti wa Timor ukiwa miongoni mwao. Kisha, mwaka 2008, watafiti wa Kenya wakishirikiana na wa Ufaransa walionyesha kwamba jeni ya kinga ya chulebuni itokayo kwenye mti wa Timor, waliyoiita Ck-1, imo ndani ya kipande cha kromosomu kilichotoka kwa robusta. Nawaomba mlishike hilo neno kipande. Walichokiona kimeingia katika arabika hakikuwa jeni moja tupu. Kilikuwa eneo zima, na ndani ya eneo hilo mna jeni nyingine za robusta.

Hapa mzee wetu wa Kibosho anapata haki yake. Robusta si arabika. Kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika, ina asidi nyingi zaidi za aina inayoleta ukali mdomoni, na sukari yake katika buni mbichi huwa kidogo. Tofauti hizo zote ni kazi ya vimeng'enya, na vimeng'enya ni kazi ya jeni zilizotandazwa kwenye kromosomu zilezile ambazo vipande vyake viliingia arabika kupitia Timor. Kuna uwezekano wa kweli kwamba aina fulani yenye kinga imerithi, pamoja na kinga hiyo, jeni ya jirani inayopunguza utamu au kuongeza ukali. Anayemcheka mkulima kwa kusema ladha imebadilika anaukataa ukweli ambao nyanya zimeshatufundisha.

Lakini haki ya kushuku si sawa na hukumu. Kinachowezekana katika mstari mmoja wa uzao hakijathibitishwa katika mistari yote. Vipande vilivyobadilishana katika mti huu havikukatika mahali palepale katika mti ule, na ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kuwa na kinga ileile, mmoja akiwa amebeba kipande kirefu cha robusta na mwingine kifupi. Mwaka 2003 watafiti waliolinganisha mistari ya arabika yenye vipande vya robusta na aina za kawaida walikuta hivyo hasa: baadhi ilikuwa na kikombe hafifu, na mingine ilisimama sawa na arabika isiyochanganywa. Kenya nayo haikuishia Ruiru 11. Uzao wenye kinga ulirudishiwa kwa SL28 na SL34, aina zao za zamani zenye sifa kubwa ya ladha, na mwaka 2010 ikatolewa Batian. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu mche mpya si kama babu yake alikuwa robusta. Swali ni kipande gani cha babu huyo kimebaki, kina urefu gani, na waonjaji wanasema nini kuhusu buni za mti huo zilizovunwa zikiwa nyekundu na kuandaliwa sawasawa. Nasema kuandaliwa sawasawa kwa makusudi, kwa sababu kahawa nyingi inayoshushwa daraja mnadani Moshi huwa imeharibika baada ya kuchumwa, kwa kuchachushwa kupita kiasi au kuanikwa vibaya, na hapo jeni haihusiki kabisa. Kulinganisha N39 iliyotunzwa na baba kwa mapenzi na chotara iliyochumwa mbichi si kulinganisha miti.

Wako wanaosema kuwa shida hii yote ni ya zama zilizopita, kwamba siku hizi jeni moja huweza kukatwa maabara na kupachikwa bila majirani. Siupingi uwezo huo. Lakini ili uikate jeni moja sharti kwanza uijue ilipo, mwanzo wake na mwisho wake, na kuijua kunapitia njia ileile ndefu ya kuzaanisha, kuhesabu watoto na kupima ni mara ngapi sifa mbili zimetengana. Tena kahawa ni mti wa subira. Mbuni huanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na mtafiti makini hatoi kauli juu ya ladha kabla ya misimu kadhaa. Vizazi vinne vya kurudishia ni kazi ya kama miaka ishirini, yaani sehemu kubwa ya umri wa kazi wa mtaalamu mmoja. Nchi inayofadhili utafiti wa kahawa kwa mradi wa miaka mitatu, halafu ikasita, haipati aina iliyosafishwa; inapata aina iliyoishia njiani, yenye kinga na mizigo yake. Hapo lawama haiendi kwa mche. Na wale wanaotaka turudi kwenye dawa tu nawakumbusha kwamba shaba iliyomo katika mrututu haiozi. Hukaa udongoni mwaka hadi mwaka, katika kihamba kilekile kinacholisha migomba na maharage ya familia.

Kuna jambo la urithi linalomgusa mkulima moja kwa moja, nalo halisemwi vya kutosha. Baadhi ya wakulima huona chotara imezaa vizuri, wakaokota mbegu zake au kung'oa miche iliyojiotea chini yake na kuipanda au kuigawia majirani. Katika N39 kitendo hicho hakikuwa na hasara kubwa, kwa kuwa N39 hujichavusha na watoto wake hufanana naye. Katika chotara ni bahati nasibu. Mti wenye nusu ya urithi kwa mzazi huyu na nusu kwa yule, ukitengeneza mbegu, huvipanga vipande upya katika kila mbegu. Mtoto mmoja atapata kinga bila mavuno, mwingine mavuno bila kinga, mwingine atakosa vyote. Baada ya miaka minne chulebuni itaonekana, na maneno yatazunguka kijijini kwamba kahawa ya utafiti imeshindwa. Ndiyo maana miche ya aina hizi huzalishwa kwa vikonyo na kwa kubebesha katika bustani mama. Kikonyo ni mti uleule, jeni zilezile katika mpangilio uleule, hakuna kilichokatika wala kuungwa upya. Naona ni haki ya mkulima kuelezwa sababu hii kinagaubaga, badala ya kuambiwa tu asipande mbegu.

Nimalizie na jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo litakaloamua kama kinga tuliyonayo itadumu. Mwaka 1980 Herbert van der Vossen na Dan Walyaro, wakifanya kazi Ruiru nchini Kenya, walichapisha ushahidi kwamba kinga ya chulebuni inasimamiwa na jeni zilizo mahali patatu tofauti. Moja, waliyoiita T, hutoka kwa mti wa Timor. Ya pili, R, hutoka kwa Rume Sudan, arabika ya asili ya uwanda wa Boma katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Ya tatu, k, ina nguvu pungufu, nayo imo katika Rume Sudan na katika aina ya Kenya iitwayo K7. Kuvu hubadilika, na mti wenye jeni moja tu ya kinga umesimama kwa mguu mmoja. Wenye mbili au tatu ni vigumu zaidi kuuangusha. Lakini mti wenye T peke yake na mti wenye T pamoja na R huonekana sawa shambani, kwa kuwa yote miwili haiugui. Ukipulizia miche mbegu za kuvu huwezi kuitofautisha. Kinachoweza kuitofautisha ni jirani wa jeni hizo kwenye kromosomu, alama inayoonekana maabara kama ule mstari wa asidi fosfatesi ulivyoonekana katika nyanya, ingawa siku hizi alama hizo husomwa kwenye DNA yenyewe badala ya kimeng'enya. Kushikamana kulekule kunakotuletea jeni tusizozitaka ndiko kunakotuwezesha kujua jeni tunazozitaka zimefika. Na Rume Sudan, kwa sababu ni arabika halisi, inatoa R bila kipande chochote cha robusta. Mavuno yake ni haba, mkulima hawezi kuishi kwayo, na kwa hesabu ya soko isingestahili hata mita moja ya ardhi. Pamoja na hayo inapaswa kutunzwa hai na kuendelea kuchanua katika mashamba ya hifadhi, sambamba na N39 na KP423, ambazo mpangilio wake wa jeni za ladha ndio tunaoutaka kila tunaporudishia chotara zetu.